Macho Makavu Si Utovu wa Haya

Majuzi nilikuwa Kau, kijiji kilicho kandokando ya mto kabla ya kufika Kipini. Nilikuwa na hojaji niliyoitafsiri kuhusu maradhi ya macho, nikamsomea mzee mmoja mvuvi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza, "Mzee, je, una macho makavu?" Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikatahayari. Mimi ninayefundisha isimu chuo kikuu nilikuwa nimesahau kwamba mkavu wa macho, kwa Mswahili, ni mtu asiye na haya. Nilichokusudia ni ule ugonjwa wa machozi kupungua, au kukauka upesi mno, hata jicho likawa jekundu na kuuma.

Ndugu msomaji, jambo hili si la mzaha. Matone mapya ya kutibu ukavu wa macho yanaendelea kujaribiwa ulimwenguni. Marekani iliidhinisha ya saiklosporini mwaka 2002 na ya lifitegrasti mwaka 2016. Katika majaribio kama hayo, daktari huweza kutundika kipande cha karatasi ya kuchujia kwenye ukope wa chini kwa dakika 5, akapima machozi yameilowesha milimita ngapi. Hicho ni kipimo alichokieleza Mjerumani Schirmer mwaka 1903. Lakini aghalabu karatasi na mgonjwa hawakubaliani: huyu analalamika ilhali karatasi yake imelowa, yule karatasi yake ni kavu naye halalamiki. Kwa hiyo sharti mgonjwa aulizwe, na hapo lugha yenyewe huwa kipimo.

Hojaji moja inayotumiwa sana ina maswali 12. Humwuliza mgonjwa kama macho humsumbua anapoendesha gari usiku, anapotumia kompyuta au mashine ya benki, au anapokuwa mahali penye kiyoyozi. Mvuvi wa Kau ana mtumbwi, jua, upepo wa kusi na moshi wa kuni. Ni kweli anaruhusiwa kujibu kuwa swali halimhusu. Lakini ikiwa maswali mengi hayamhusu, tumempima nini?

Isitoshe, tazama kitenzi "kuwasha". Upupu huwasha, na pilipili huwasha. Kwa daktari wa macho hayo ni mambo mawili: mwasho wa kutaka kujikuna huashiria zaidi mzio, na ule wa kuchoma huweza kuashiria ukavu. Tafsiri inayouliza tu "Je, macho yanawasha?" huwachanganya wagonjwa wa aina mbili katika kapu moja, kisha dawa ikasingiziwa kuwa haifai, au ikasifiwa bure.

Lililo zito zaidi ni ridhaa. Katika majaribio mengi, kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa matone yasiyo na kiini cha dawa. Matone hayo nayo hulainisha jicho, hata mtu akaona nafuu. Mshiriki ana haki ya kujua, kabla ya kukubali, kwamba huenda akaangukia kundi hilo la pili. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 linasisitiza ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa, na marekebisho ya mwaka 2024 yanamwita mtu huyo mshiriki. Je, akiambiwa tu "tutakupa dawa", akatia kidole gumba, ameridhia? La hasha.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi walimu na wanafunzi wa lugha, kazi hii ni yetu. Tafsiri ijaribiwe kabla ya dawa kujaribiwa: isomewe wenyeji, irudishwe katika lugha ya asili na mtu mwingine, na pale delta Kipokomo na Kiorma visisahauliwe.

Yule mzee alinisamehe, kisha akanisahihisha. "Uliza kama macho yamekaukiwa na machozi," akasema, "nami nitakujibu." Nikafuta sentensi yangu, nikaandika yake.