Ramani ya Mbuba na programu za kujijengea

Karatasi za ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS ya simu husoma WGS 84. Kwa nukta ileile huko Mbuba, wilayani Ngara, viwianishi vya mifumo hiyo miwili hupishana karibu mita 300. Kwenye karatasi ni milimita sita tu. Shambani ni migomba ya jirani wa tatu.

Kuhamisha viwianishi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni kazi ya PROJ, programu huria ambayo GDAL na QGIS, za kuchakata na kuchora ramani, huitegemea. Mchora ramani huenda hajawahi hata kulisikia jina hilo, mpaka siku anapohitaji toleo jipya la GDAL ambalo ghala la Ubuntu yake halina. Hapo hana budi kupakua msimbo chanzo na kuijenga mwenyewe.

Tangu toleo la 6 la mwaka 2019, PROJ huhifadhi maelezo ya mifumo katika hifadhidata ya SQLite, faili liitwalo proj.db. Ndiyo maana ujenzi huanza na SQLite, ikafuata PROJ, kisha GDAL. Wengi hukwama mlangoni. cmake, programu inayoandaa ujenzi, inalalamika kwamba SQLite haipo, na mwenye kompyuta anaapa kuwa ipo. Ipo kweli, ila ile ya kutumia. Faili za vichwa, zinazohitajika kujengea programu nyingine, huja katika kifurushi cha peke yake, libsqlite3-dev. Amri ya sqlite3 nayo iwepo, kwa sababu proj.db hutengenezwa wakati wa ujenzi wenyewe. Na kama mtandao ni wa kusuasua, ipe cmake BUILD_TESTING=OFF, ujenzi usije ukaenda kutafuta maktaba ya majaribio mtandaoni.

Hitilafu ninayoichukia kuliko zote hujitokeza baada ya kila kitu kukamilika salama. Kompyuta inakuwa na PROJ mbili, ya zamani iliyoletwa na mfumo na mpya uliyoijenga. GDAL mpya inafungua proj.db ya zamani, kisha inakueleza kwamba hifadhidata hiyo imetoka kwenye PROJ nyingine. Usikimbilie kufuta. Endesha amri ya ldd uone ni maktaba ipi inayoshikwa, halafu elekeza PROJ_DATA (kabla ya toleo la 9.1 ikiitwa PROJ_LIB) kwenye folda sahihi. Balaa hili hupungua sana ukisakinisha ndani ya folda yako ya nyumbani kwa CMAKE_INSTALL_PREFIX. Kuigusa /usr, ambako programu nyingine zote zinategemea matoleo yake, ni kujitafutia maneno.

Kabla ya kuchora chochote, chukua nukta moja ya Ngara uibadilishe kwa cs2cs, amri ya PROJ, kutoka EPSG:21036, yaani Arc 1960 kanda ya 36 kusini, kwenda EPSG:32736, kanda hiyohiyo kwa WGS 84. Namba ya kaskazini ipungue karibu mita 300. Ikirudi ileile, usakinishaji huo si wa kuaminiwa, hata kama cmake haikulalamika.