Vali Iliyonyamaza

Mara baada ya swala ya alfajiri, jua la Garissa halijaanza kuchoma mabati, fundi alikuwa ameshafungua kifuniko cha vali cha Land Cruiser nyeupe. Gari hilo lilikuwa limetembea kilomita 480,000, nyingi zake kwenye mchanga wa Dadaab. Mwenye gari, kijana anayebeba mizigo, alikuja nalo jioni ya jana yake. "Adeer, injini inalia tik-tik-tik. Nimeongeza oili nzito lakini wapi." Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba asubuhi siku hizi inasumbua kuwaka.

Jioni ile fundi hakuanza na spana. Alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini inayonguruma, akaubana mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Sauti inayosafiri ndani ya chuma ikifika ukingoni inapokutana na hewa, sehemu kubwa yake hurudi ndani, ndiyo maana ukisimama kando unasikia mchanganyiko tu. Bisibisi huipa sauti hiyo njia ya chuma mpaka kwenye fuvu. Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kuwa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa, na ndivyo stetoskopu ya daktari ilivyoanza. Bisibisi ya gereji hufanya kazi ya jamaa moja na hiyo.

Injini yenyewe ilikuwa 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990, na kambi za kwanza za wakimbizi za Dadaab zikafunguliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo injini na kambi zimezeeka pamoja. Ikizunguka mara 700 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, kila vali hufunguka mara 350 tu, kwa kuwa kamshafti huenda nusu ya mwendo wa krenkshafti. Vali moja iliyolegea basi hugonga karibu mara sita kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu hivyo, lakini ukirekodi kwa simu na kupunguza kasi, utahesabu mwenyewe.

Shida ni kwamba noozeli nayo hupiga kwa mwendo huohuo wa nusu. Ili kuzitenganisha, fundi alilegeza nati ya bomba la dizeli la silinda moja, akaikaza, akahamia nyingine. Silinda ikinyimwa mafuta, mlio wa noozeli yake hufifia, na kugonga kwa beringi ya pistoni nako hupungua. Mlio huu wa tik-tik haukubadilika hata kidogo. (Usijaribu hili kwenye dizeli za kisasa zinazoongozwa na kompyuta: shinikizo la mabomba yake hupenya ngozi.) Wala haikuwa gasketi ya eksozi inayovuja, kwa sababu hiyo hulia injini ikiwa baridi, na mara nyingi hutulia chuma kikipata moto na kutanuka. Tik-tik hii iliendelea moto kwa baridi. Zikabaki tapeti, zile zinazosukuma vali.

Nafasi ya tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, na Garissa baridi ya kweli huja alfajiri. Fundi alipitisha vibapa vyembamba vya kupimia kwenye vali zote 12. Ya kuingiza hewa kwenye silinda ya nne ilikuwa imelegea kupita kiasi. Huyo ndiye mlizi. Lakini kwenye vali ya kutoa moshi ya silinda ya sita, hata kibapa chembamba kabisa hakikuingia. Hapakuwa na nafasi yoyote.

Vali hiyo haikuwa imetoa sauti hata mara moja, nayo ndiyo iliyokuwa karibu kuua injini. Katika kilomita nyingi, uso wa vali na kiti chake hulika, vali ikapanda juu kidogo kidogo na kuila ile nafasi. Ikipata moto hurefuka, ikose kufunga sawasawa. Vali ya moshi hupoa hasa kwa kukalia kiti chake. Ikikosa kukaa, huungua ukingo, na mgandamizo wa silinda huvuja. Ndiyo sababu ya kusumbua asubuhi. Oili nzito hapa ni kosa kubwa, kwa kuwa huficha mlio tu bila kurekebisha nafasi, na wauzaji wa magari makuukuu wanaoitumia kunyamazisha injini wanamdhulumu mnunuzi. Injini yenye tapeti za namna hii ina haki ya kulia kidogo.

Fundi alipima mgandamizo, akaukuta umeshuka lakini haujapotea: vali ilikuwa bado haijaungua. Akabadilisha visahani viwili juu ya tapeti, kinene kwa silinda ya nne, chembamba kwa ya sita. Injini ikawaka mara moja.

Kijana aliinama akasikiliza. "Adeer, sasa inalia huku nyuma, kwa ya sita."

"Eeh," fundi akasema, akimpa bisibisi. "Sikiza vizuri. Hiyo sasa inafunga."