Mbu wa Chooni na Funzo la Makunduchi

Familia nyingi za miji ya pwani hupuliza dawa vyumbani na kufyeka majani uani, lakini usiku mbu ni wale wale. Tatizo ni kwamba tunapigana na mbu bila kuuliza ni mbu gani. Anofelesi, aenezaye malaria, hutaga zaidi katika maji safi yaliyotuama: madimbwi, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia tofali. Edesi, mwenye madoa meupe miguuni, hutaga kwenye mapipa, matairi makuukuu na vifuu, huuma mchana na hueneza homa ya dengi. Yule anayetulilia masikioni usiku kucha mara nyingi ni kuleksi, na kwao ni maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro, mitaro iliyoziba.

Kuleksi huonekana msumbufu tu, kwa kuwa haenezi malaria. Lakini katika pwani yetu ndiye mmoja wa waenezaji wakuu wa minyoo inayoleta matende na busha. Minyoo hiyo haiongezeki idadi ndani ya mbu, hivyo mtu kwa kawaida huambukizwa baada ya kuumwa mara nyingi sana, kwa miezi na hata miaka. Kila tunapopunguza kuumwa, tunapunguza hatari hiyo.

Chota maji ya karo lililo wazi, uyatazame kwenye chombo cheupe. Utaona viluwiluwi wananing'inia kichwa chini, ncha ya mkia imegusa uso wa maji. Kivuli chako kikipita, huzama wakijipindapinda; punde si punde hurudi juu, kwa sababu mkiani ndiko kuliko na mrija wa kuvutia hewa. Ukiuziba uso wa maji, umewaziba pumzi.

Hilo ndilo lililofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti, wakiwemo Caroline Maxwell na Christopher Curtis, walishughulikia mambo mawili kwa pamoja. Wakazi walipewa dawa ya minyoo, na vyoo vyenye maji vikamwagiwa punje za polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni. Punje huelea na kutanda. Kinyesi kikianguka, punje hupisha, kisha hujifunga tena. Kiluwiluwi hapati hewa, na mbu jike hapati maji ya kutagia. Kwa kuwa haziozi, tabaka moja laweza kufanya kazi kwa miaka.

Mbu walipungua mno. Kabla ya kazi hiyo, karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vijiminyoo katika damu. Baadaye wakabaki wachache. Moga, kaskazini mwa kisiwa, ilipewa dawa ya minyoo pekee, mbu wakaachwa. Huko maambukizi yalishuka, kisha yakaanza kupanda tena. Dawa husafisha damu ya mtu, lakini mbu akibaki, njia ya ugonjwa iko wazi.

Punje zina mipaka yake. Hazifai kwenye mitaro ya wazi, na choo kinachofurika wakati wa masika kitazimwaga nje. Hata hivyo, kanuni yake, kumnyima mbu maji ya kutagia, inatumika popote. Shimo kavu halizalishi mbu, kwa hiyo maji ya kuogea yasielekezwe chooni. Yachimbiwe shimo lake lililojazwa mawe na kufunikwa. Ziba nyufa za mfuniko wa karo kwa saruji. Funga wavu kwenye mdomo wa bomba la hewa, na tundu la choo liwe na kifuniko. Mafuta machafu ya gari usimwage chooni ili kuua viluwiluwi: huchafua maji ya ardhini, na visima vyetu vingi viko hatua chache tu kutoka vyooni.

Chandarua chenye dawa kisiachwe hata mbu wakipungua, maana anofelesi hatoki chooni. Na kwa kuwa kuleksi wa miji mingi wamekuwa sugu kwa dawa za kupuliza, kopo la dukani halitoshi.

Mbu huruka kutoka ua hadi ua. Karo moja lililopasuka hulisha mtaa mzima. Kwa hiyo kazi hii ianzie kwenye mkutano wa mtaa au shehia: vyoo na makaro yenye maji yaorodheshwe, wenye nacho wachangie saruji na wavu, na asiye na uwezo azibiwe karo lake kwanza.