Kemshafti Kali Si Dawa ya Tabo

Mwaka 1996 Toyota iliifumua injini yake ya 1JZ-GTE, ile ya lita 2.5 iliyovuma katika Chaser na Mark II. Tabo mbili ndogo ziliondolewa, ikafungwa moja. Kemshafti ya vali za kuingizia hewa ikapewa VVT-i, mtambo wa kubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali, na mgandamizo ukapanda kutoka 8.5 kwa 1 hadi karibu 9. Kwenye makaratasi nguvu zilibaki farasi 280, kwani watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutovuka hapo. Ila msukumo mkubwa kabisa, uliokuwa ukipatikana kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika, sasa ulikuja kwenye 2,400.

Mbona mgandamizo usifike 10, kama wa 1JZ isiyo na tabo? Hewa ikishindiliwa hupata moto. Aliyewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli anajua. Tabo ikiipokea hewa ya nyuzi 27 na kuiongezea presha ya baa 0.7, huitoa ikiwa karibu nyuzi 100. Intakula huipoza, lakini pistoni nayo inakuja kuishindilia tena. Joto likizidi, mchanganyiko hulipuka wenyewe bila kungoja moto wa plagi. Injini inagonga, na isiposikilizwa mapema pistoni hutoboka.

Kushusha mgandamizo husaidia, ila gari huwa zito kabla tabo haijaamka. Hapo ndipo wengi hukimbilia kemshafti ya mashindano. Hiyo huchelewa kufunga vali ya kuingizia, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na hewa iliyotoroka haigandamizwi. Gari linazidi kulegea mjini! Tena huziacha vali za kuingizia na za kutolea wazi pamoja kwa muda mrefu. Bila tabo hilo ni faida, maana moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya. Kwenye tabo ndogo moshi umebanwa nyuma ya gurudumu lake. Presha ya ekzosi ikiishinda ile ya hewa inayoingia, moshi wa moto hurudi ndani ya silinda, na kugonga kunaanza upya.

Tabo kubwa inayopumua vizuri ni habari nyingine. Kwa 1JZ ya kutembelea, ningeiacha kemshafti ya kiwandani, pesa nikanunulie intakula nzuri na petroli ya oktani ya juu, ambayo Toyota yenyewe iliitaka.