Biashara ya mapumziko Mwembesongo: wateja wapo, uwanja haupo

Simba na Yanga wakikutana, kinachogombewa Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro, ni nafasi ya kukaa. Mwenye kibanda umiza, ukumbi wa kuonyesha mechi, ana runinga, king'amuzi, mabenchi na paa la bati. Kiingilio huwa mia tano, na siku ya dabi kinafika buku. Nje ya mlango yupo wa chipsi, wa kahawa na kashata, wa mihogo ya kukaanga, na bodaboda wanaosubiri kipyenga cha mwisho. Umeme ukikatika kipindi cha pili wote wanaumia, ila anayezongwa arudishe hela ni mwenye kibanda peke yake.

Hiyo ndiyo rejareja ya biashara nzito. Mwaka 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka (TFF) walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Shilingi ya kijana wa Morogoro anayelipia benchi imo humo, kwa njia ndefu.

Tukigeukia huduma ya umma, hesabu inabadilika. Sheria ya mamlaka za miji ya 1982 inaikabidhi halmashauri kazi ya kutunza bustani na viwanja vya michezo. Lakini Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866 katika sensa ya 2012, na 471,409 katika ile ya 2022. Wameongezeka zaidi ya 155,000 kwa miaka 10, na wote wanagombea ardhi. Eneo la wazi lisilopimwa huanza kupata meza ya mchuuzi, kisha kibanda cha mbao, kisha fremu za maduka. Uwanja mkubwa wa mji, Jamhuri, ni mali ya CCM, si ya manispaa.

Kwa hiyo watoto wanabaki na uwanja wa shule, na vijana na ndondo, mashindano ya soka ya mtaani. Ndondo nayo ni biashara: timu zinalipa ada ya kushiriki, waamuzi wanalipwa posho, mshindi anaondoka na jezi au mbuzi. Wadhamini huwa wengi zaidi uchaguzi ukikaribia. Uwanja wenyewe husawazishwa mara chache.

Wapo watakaosema Morogoro haina shida ya mapumziko, milima ya Uluguru iko palepale. Kweli, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inamleta mgeni kutoka Dar es Salaam kwa nauli ya Sh13,000 daraja la kawaida. Lakini fedha ya anayepanda Morningside, nyumba iliyoachwa na Wajerumani, inaishia kwa waongoza wageni na hoteli za chini ya mlima. Mwembesongo inaambulia nauli ya bajaji. Na mama anayefunga genge saa mbili usiku hapandi mlima. Anahitaji mahali penye taa na kiti, karibu na kwake. Wala biashara ya jioni si ngeni hapa: mji huu uliolea bendi za Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe unajua jinsi ya kuishi kwa kuuza jioni zake.

Mfano upo Unguja. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa kwa fedha za Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila usiku wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa wanapata riziki pale. Kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni chakula.

Manispaa haihitaji kusubiri mfadhili wa ukubwa huo. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mgawanyo wa 4-4-2, kana kwamba aliyeupanga alikuwa kocha. Kikundi cha vijana kikipewa mkopo na mkataba wa kuendesha kiwanja kimoja kilichopimwa, chenye taa, choo na vibanda vya kupangisha, marejesho yatatoka kwenye pango la vibanda bila kumtoza mtoto anayecheza. Upimaji na hati vitangulie, maana taa zikifungwa kwenye ardhi isiyo na mpaka zitamulika maduka ya wavamizi. Wakazi wa Mwembesongo walipeleke hilo kwenye mkutano wa mtaa kabla bajeti ijayo haijafungwa.