Kompyuta ya Chama Ilipokosa Pa Kuandika

Wengi wenu mnaifahamu kompyuta ya chama, ile ya mpakato iliyovunjika bawaba, inayokaa juu ya kabati la vitabu huku kioo chake kimeegemezwa kamusi. Haina madirisha wala picha za kubofya. Ukiiwasha inakuletea maandishi meupe juu ya weusi, inakuuliza nenosiri la diski, kisha jina lako, unaanza kazi. Humo ndimo yamo matoleo ya nyuma ya jarida hili na rekodi za sauti tulizozikusanya tangu chama kianze. Mojawapo ni ya bibi yake mwenzetu wa Maskati, akisimulia utoto wake Unguja. Bibi huyo alifariki mwaka jana. Rekodi yake haikuwa na nakala nyingine popote, na hilo tulilikumbuka usiku ule tulioiharibu mashine kwa mikono yetu wenyewe.

Kisa kilianza na zoezi la darasani. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, programu inayokaa baina ya mashine na programu nyingine zote. Ile ya Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, ina maelfu ya vipengele, na anayetaka kujijengea ya kwake huandika make menuconfig akafunguliwa orodha ndefu ya kuchagua hiki na kukataa kile. Tulitakiwa kujenga kerneli ndogo kadiri tuwezavyo, kwenye mashine ya majaribio. Maneno hayo ya mwisho tuliyasoma, tukayapuuza.

Tukafyeka. Kamera, nje. Bluetooth, nje. Tulipofika sehemu ya michoro tukakuta CONFIG_DRM_FBDEV_EMULATION, ambayo maelezo yake yanasema ni kwa ajili ya mfumo wa kizamani. Cha kizamani cha nini? Nje. Hatukuona kwamba kipengele kingine, CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE, kilitoweka nacho kimyakimya. Kabla ya kujenga, mmoja wetu aliingiwa na wasiwasi akafungua faili la .config kuhakikisha konsoli ipo. Akaiona: CONFIG_VGA_CONSOLE=y. Tukatulia roho. Tukajenga usiku kucha, tukafuta kerneli ya zamani kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, tukawasha upya.

Ikatoka nembo ya aliyetengeneza mashine. Ikabaki pale pale. Dakika tano, kumi, nusu saa.

Sasa tunajua kilichotokea, na inafaa tukieleze taratibu kwa sababu kinawapata wengi. Konsoli ya VGA ni ya enzi nyingine. IBM ilitoa VGA mwaka 1987, na katika hali yake ya maandishi kerneli haichori chochote. Skrini ina mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja. Kila herufi ina baiti mbili kwenye kumbukumbu, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi, kuanzia anwani 0xB8000. Jumla ni baiti 4,000 tu. Unaandika namba ya herufi mahali pake, na kadi ya skrini ndiyo inayoitia umbo. Ni kazi nyepesi mno, na kwa kompyuta za x86 kerneli hukiweka kiendeshi hicho yenyewe bila kukuuliza. Ndiyo maana tulikikuta kwenye faili letu. Hatukukichagua sisi.

Lakini mashine inayowashwa kwa UEFI haianzii kwenye hali hiyo ya maandishi. UEFI humkabidhi mfumo endeshi uwanja wa pikseli, yaani fremubafa, na anayetaka herufi azichore mwenyewe, nukta kwa nukta. Mchoraji huyo ni fbcon, ndiye yule yule CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE tuliyemfukuza. Kwa hiyo kerneli yetu ilikuwa na kiendeshi cha skrini ambayo haipo, na haikuwa na kiendeshi cha skrini iliyopo. Ikifika hapo hushika konsoli ya bandia, dummycon, ambayo hupokea kila neno na kulitupa. Mashine ilikuwa inasema muda wote, ila haikuwa na pa kuandika.

Usiku ule hatukuyajua haya. Mwenzetu wa Bukavu alianza kupakua mfumo wa dharura wa kuweka kwenye flashi, kwa mtandao wa bweni ambao saa za usiku huenda kwa mwendo wa kobe. Mwenzetu wa Maskati alikuwa amekaa kimya kwenye kiti. Hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza Caps Lock. Taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika.

Mashine iliyokufa haiwashi taa ya Caps Lock. Kerneli ndiyo inayoiwasha. Basi kama kibodi inasikika, huenda lile swali la nenosiri la diski limeshaulizwa na linasubiri jibu nyuma ya nembo. Akaliandika bila kuona kitu, herufi moja moja, akagonga Enter. Hakuna. Akarudia polepole, safari hii akihakikisha Caps Lock imezimwa. Taa ya diski ikaanza kumeta.

Baada ya dakika moja hivi mashine ilijibu mtandaoni, tukaingia kwa ssh kutoka kompyuta nyingine. Kitu cha kwanza hatukusoma kosa lolote. Tulinakili rekodi zote, mara mbili, sehemu mbili tofauti. Ndipo tukaita dmesg, na mstari ukawa pale, ukitangaza konsoli ya bandia ya herufi 80 kwa mistari 25.

Tiba yake ni fupi. Tulirudisha vipengele vile viwili, tukaongeza CONFIG_DRM_SIMPLEDRM pamoja na CONFIG_SYSFB_SIMPLEFB, vyote vikiwa y na si m. Simpledrm, iliyoingia kwenye kerneli toleo 5.14 mwaka 2021, huuchukua uwanja ule ule ulioachwa na UEFI na kuutumia mpaka kiendeshi kamili cha kadi kipatikane. Ukiifanya moduli, yaani m, inaweza kuwa ndani ya diski ambayo bado imefungwa, na hapo umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Safari hii kerneli ya zamani tuliiacha mahali pake. Kioo chetu ni cha pikseli 1366 kwa 768 na herufi ya kawaida ni 8 kwa 16, hivyo tulipata herufi 170 kwa mistari 48. Mwenye kioo kipya chenye pikseli nyingi ataona herufi kama sisimizi. Huyo aweke CONFIG_FONT_TER16x32, kisha aongeze fbcon=font:TER16x32 kwenye mstari wa kuwashia.

Jambo moja linatukera. Zamani ungebonyeza Shift na PageUp ukarudi kusoma mistari iliyopita juu. Septemba 2020, wakati wa toleo 5.9, Torvalds aliiondoa huduma hiyo kwa sababu kodi yake ilikuwa na hitilafu na hakukuwa na wa kuitunza. Tunaielewa hoja yake. Bado tunaikosa.

Palibaki suala la majina ya faili. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina shida na konsoli. Hatuna vialama juu ya herufi, na hata ng' tumeimaliza kwa kikato tu. Fonti ya konsoli hubeba maumbo 256, au 512 ukipenda, na sisi hatuhitaji hata nusu. Lakini mwenzetu alikuwa ameipa rekodi ya bibi jina kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kilekile, kama bibi mwenyewe alivyokuwa akiandika barua zake. Kwenye konsoli jina hilo lilitoka alama moja imerudiwa mara kumi na kitu. Tulipopakia fonti yenye herufi za Kiarabu zilionekana, ila kila moja peke yake, hazikushikana, na zikapangwa kutoka kushoto. Fbcon huchora kila herufi ndani ya kisanduku chake na haijui jirani yake ni nani.

Tulimshauri alibadilishe jina. Amekataa. Kwa hiyo ukiingia kwenye kompyuta ya chama ukaona faili lenye herufi zilizotawanyika kinyumenyume, usilifute.