Kazi ya Seva Inafanyika Mbele ya Kuizima

Ndugu wanafunzi na wahitimu, wengi wananiuliza: "Kama seva inabadilishiwa disiki ao inahamishwa kwa mashini mpya, juu ya nini tunakaa siku mbili bila kuona matokeo?" Mimi nachunga seva ya taasisi moja ya masomo hapa Bukavu, basi acha nieleze. Mwenye kungoja karatasi ya kufunga dosiye ya burse hana siku mbili za kupoteza.

Watu mingi wanafikiri fundi wa mikono myepesi njo anafupisha muda wa kuzima. Hapana. Unafupishwa na kazi yenye ilifanyika mbele.

Kwanza, kopi. Ukizima seva kisha ukaanza kuhamisha giga 500 kwa netiwaki ya gigabiti 1 kwa sekunde, utapita saa nzima, na faili ndogondogo zinachelewesha zaidi. Kopi kubwa ifanyike seva ikiwa bado inatumika, hata usiku kucha. Siku yenyewe unazima, unapitisha tu vile vilibadilika. Programu ya rsync inafanya hivyo. Hifadhidata ya matokeo haikopiwi hivyo ikiwa bado inaandikwa: unaiwekea pacha kwa seva mpya, yenye kuifuata kila wakati.

Pili, vifaa viwili viwili. Kwa RAID 1, data ni ileile kwa disiki mbili. Moja ikikufa, ingine inaendelea, na kama mashini inaruhusu, unachomoa ile mbovu bila kuzima kitu. Hata kurani iingie kwa njia mbili, kila moja na onduleri yake. Lakini RAID si akiba: ukifuta faili, inafutika kwa zote mbili. Na akiba yenye haujajaribu kurudisha, usiitegemee.

Tatu, saa ya kurudi nyuma. Kama mumepewa saa nne ya usiku mpaka saa saba, andikeni mapema: ikifika saa sita na mashini mpya haijaitika, tunarudisha ya zamani. Saa ile, kila mtu anasema "bado dakika kumi", na asubuhi inawakuta. Ya zamani isifutwe mpaka mpya itembee siku kadhaa.

Fanya hesabu. Mwenye kuahidi kwamba seva itapatikana 99,9% ya wakati, kwa mwaka mzima anaruhusiwa kuizima karibu saa 8 na dakika 45. Siku mbili zinapita ile zaidi ya mara 5.

Wadogo zangu wenye mutaingia kwa kazi hii, siku wakubwa watasema "zima, tutaona", muulize pole pole: kopi iko wapi, nani aliijaribu, na tunarudi nyuma saa ngapi? Kama hakuna jibu, seva isizimwe leo.